Miaka Thelathini na Moja ya Mama Bado, Kumi na Tisa Mbele ya Ubao wa Saa

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi uliopita, saa kumi jioni, Mkuu wa Ratiba wa bustani yetu ya michezo alikabidhi funguo, akavua kitambulisho shingoni na kustaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja, miezi mitano na siku kadhaa za utumishi. Hizo siku kadhaa nilizihesabu mimi nikakosea, naye akanisahihisha bila kutazama karatasi yoyote. Kwenye faili lake ana majina matatu kamili kama sisi wengine. Hapa kazini, kuanzia langoni hadi karakana, anaitwa Mama Bado. Yeyote aliyewahi kufika asubuhi na kumuuliza kama Gurudumu Kubwa limeshafunguliwa anajua jina hilo lilizaliwa wapi.

Mhariri wa jarida hili aliniomba maneno mia tano. Nilimjibu kwamba hayo yanatosha kwa viatu vya Mama Bado tu, na sikuwa natania. Ni raba za kijivu zenye soli nene. Kila siku ya kazi saa kumi na moja alfajiri alizifunga kamba na kuizunguka bustani nzima kwa miguu, mchezo kwa mchezo, kabla ya kuandika herufi moja kwenye ubao wa langoni. Amezimaliza jozi kumi na tisa. Daktari wa wafanyakazi alipomshauri afanye mazoezi kidogo kwa ajili ya presha, alimtazama kwa huruma, akamwuliza kama yeye mwenyewe ameshafika Nyumba ya Vioo, kule mwisho wa bustani, kwa miguu mwaka huu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tisa, akichana tiketi langoni. Akapelekwa mtelezoni, kisha kwenye Vikombe, vile vinavyozunguka, alikokaa miaka minne. Anasema huko ndiko alikojifunza kuitambua rangi ya uso wa mtu anayekaribia kutapika, elimu ambayo imemsaidia hata kwenye vikao vya uongozi. Baadaye alisomea ukaguzi wa usalama, akawa mwanamke wa kwanza kupanda reli za Nyoka akiwa na spana kiunoni. Nyoka, kwa msomaji mgeni, ni treni yetu ya kupanda na kuporomoka, na reli yake ndefu imejikunja mara saba. Mafundi walikaa chini wakinywa chai, wakisema atashuka kabla ya nguzo ya tatu. Alishuka baada ya nguzo ya mwisho. Mkononi alikuwa na bolti iliyolegea ambayo wao walikuwa wameipita wiki nzima. Aliiweka mezani kando ya sukari, akajimiminia chai, akanywa. Tangu siku ile hakuna aliyepanga ukaguzi bila kumwuliza.

Miaka kumi na tisa ya mwisho alikuwa Mkuu wa Ratiba, na hapa ndipo hadithi yake inapokuwa hadithi yetu sote. Wageni wengi hudhani bustani ya michezo ni kama bomba la maji: unafungua asubuhi, unafunga jioni. Wakikuta Maporomoko, yaani mitumbwi yetu ya maji, yamefungwa hadi saa tano, huamua kwamba sisi ni wavivu. Mama Bado alitumia miaka kumi na tisa kuwaonyesha kwamba kila saa ubaoni ina sababu, tena aliiandika sababu hiyo pembeni ya saa, kwa chaki, kwa maneno ya mtu wa kawaida. Nimewauliza watu wanaofanya kazi kwenye bustani nyingine. Kwao huandikwa saa tu.

Chanzo cha desturi hiyo hakifurahishi, lakini yeye mwenyewe aliniruhusu nikiandike. Mwaka wake wa tatu alikuwa zamu kwenye mtelezo wa bati, ambao wakati ule ulifungwa saa sita mchana na kufunguliwa tena saa kumi. Alikuja seremala mmoja na binti yake wa miaka mitano. Akauliza, akaambiwa bado. Akauliza tena, bado. Mara ya tatu akaona amedharauliwa, akaruka mnyororo na mtoto, wakateleza. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Bati lile lilimbabua mtoto mapajani. Mama Bado ndiye aliyembeba hadi chumba cha huduma ya kwanza, na huko seremala akamwambia kitu ambacho hajakisahau mpaka leo: “Ungeniambia ni moto, ningeruka?” Mtoto alipona. Ila tangu siku hiyo Mama Bado anaamini kwamba ukimwambia mtu bado bila kumwambia kwa nini, umeshamsukuma aruke.

Alipopewa ubao, basi, aliujaza. Nitanukuu mistari michache, kwa sababu niliinakili kwenye daftari. “Maporomoko, saa tano. Tangi la juu hujazwa kwa saa mbili, na maji ya asubuhi yanauma meno.” “Treni ya Watoto, saa tatu hadi saa saba. Baada ya hapo abiria wake wanahitaji kulala, hata wakikataa.” “Farasi wadogo, mapumziko saa tano hadi saa tisa. Wanakula. Na wewe nenda ukale.” Na huu ambao mimi naupenda kuliko yote: “Bembea za Minyororo, saa nne na nusu. Nyuma ya ukuta analala muuguzi aliyekesha hospitali. Tumpe usingizi.” Muuguzi huyo hakujua lolote mpaka siku alipokuja na wapwa zake kama mgeni, akausoma ubao, akasimama pale pale lango likamshinda kuingia. Alimtafuta Mama Bado bustani nzima ili ampe mkono.

Siwezi kuendelea bila kuwataja Wakwe. Hawa ni magunia sita ya mchanga, kilo sitini kila moja, ambayo ndiyo abiria wa kwanza wa kila mchezo kila asubuhi. Waliitwa Wakwe kwa sababu wanatangulia kukaa, wanakalia viti vizuri, ni wazito, na hakuna anayethubutu kuwaangusha. Mume wa Mama Bado, ambaye ni fundi cherehani, aliwashonea makoti ya rangi sita tofauti ili waonekane hata kutoka chini. Mchezo ambao Wakwe hawajaupanda na kushuka salama, binadamu haupandi. Kanuni ni hiyo, na imekaa hivyo tangu alipoiweka.

Sasa nije kwangu, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa mwendeshaji wa Maporomoko, kijana mwenye mabega mapana na akili nyembamba. Asubuhi moja walifika wageni wa mwenye bustani: shangazi wa mke wake, mabinamu wawili na bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya. Ubao ulisema saa tano. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Bibi akasema yeye huwa hasubiri. Wakwe walikuwa wameshapita kwa maji ya jana, kabla tangi halijamwagwa lijazwe upya, chuma cha mapajani kilifunga vizuri, nikajiambia hakuna baya. Nikawapakia, nikavuta wenzo.

Nilichosahau ni tangi. Mtumbwi ulipanda vizuri hadi juu, na huko juu ukakuta maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Ukakaa. Haukwenda mbele wala nyuma. Tuliwashusha kwa ngazi ya dharura, mmoja mmoja, ngazi sitini na nane, na shangazi yule nilimbeba mgongoni akinieleza maisha yangu yajayo yatakavyokuwa. Nilijua nimefukuzwa. Mama Bado alifika akihema, akahakikisha wote wazima, akawapa chai. Kisha akanipeleka langoni, akanikabidhi chaki na kunisomea maneno ya kuandika mbele ya wageni waliokuwa wakiingia: “Maporomoko, leo hayafunguliwi. Sababu: mwendeshaji alikuwa na haraka.” Adhabu ilikuwa hiyo tu, kazini akanitetea nikabaki. Lakini tangu siku hiyo mnaniita Bwana Haraka, na kila mtu aliyejiunga na bustani hii amenikariria kwamba haraka haraka haina baraka, kana kwamba ndiye aliyeitunga.

Miezi saba iliyopita tulipata meneja mpya. Ni mtu msafi, mchapakazi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na nayaandika haya akijua, kwa kuwa amekubali yachapwe. Alipouona ubao alikunja uso. Alisema mgeni amekuja kucheza, hakuja kusoma, na kuanzia mwezi unaofuata michezo yote ifunguliwe saa tatu kamili. Mama Bado alimweleza. Meneja akamkumbusha kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mama Bado akamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye amezaa wana watatu, wote ni wake, na hakuna aliyetoka kabla ya mwezi wake. Mhasibu ilibidi atoke nje kucheka.

Hakugoma, hiyo si tabia yake. Alimwambia meneja achague Jumamosi moja, na kila mchezo ambao Wakwe wameupita ungefunguliwa saa tatu kamili. Jumamosi ikafika. Saa tatu kamili mota kumi na moja ziliwashwa kwa mpigo, swichi kuu ikaruka, na Vikombe vikasimama katikati ya mzunguko vikiwa vimejaa walimu wa shule ya awali. Umeme uliporudi, watu wote walikimbilia Nyoka, kwa kuwa ndiye aliye karibu na lango. Siku za kawaida Nyoka hufunguliwa saa nne, ili asubuhi miguu ivutwe kwanza kwenda nyuma, kwenye farasi na Nyumba ya Vioo, na umati utawanyike. Siku hiyo foleni ya Nyoka ilifika vyooni, ikachanganyika na foleni ya vyoo, na kuna mzee mmoja aliyepandishwa Nyoka akiwa amekuja kujisaidia. Waendeshaji nao hawakutosha. Wale wanaopokea watu langoni asubuhi ndio wanaokwenda kuendesha bembea baadaye, na mtu mmoja hawezi kuwa pahali pawili. Meneja mwenyewe, namheshimu kwa hili, alivaa kofia ya dereva akaendesha Treni ya Watoto kwa saa tatu mfululizo bila kwenda haja.

Saa tisa alasiri aliingia ofisini kwa Mama Bado kofia ikiwa mkononi. Alikiri kwamba ratiba ina maana. Ila aliongeza jambo ambalo lilimkata maini mama wa watu, na alikuwa na haki ya kulisema. Ratiba hii, alisema, iko kichwani mwako, Mama. Miezi sita ijayo unastaafu. Ukiondoka, itaondoka nawe, na mimi nitabaki na ubao na watu wasioweza kumkatalia mgeni mkubwa. Kwa hiyo akampa sharti. Amtafute mtu na amfundishe. Siku yake ya mwisho, meneja angeamua. Akiona mtu huyo anaweza kusema hapana kwa yeyote, ratiba ingebaki na sababu zake. Akiona hawezi, saa za kudumu zilikuwa zimeshaandikwa kwenye karatasi, ilibaki saini yake tu.

Kazi ya miaka kumi na tisa, basi, ilikuwa inasubiri kufa siku moja na ajira yake. Nilimwona wiki ile. Alikuwa akitembea mzunguko wake polepole, akigusa vyuma kama mtu anayeaga nyumba iliyouzwa.

Akanichagua mimi. Karakana ilicheka mpaka mtu mmoja akaangusha nyundo. Mafundi walimwuliza kama kweli hakuona mwingine. Alisema mtu aliyekwisha kumbeba mwenzake ngazi sitini na nane hahitaji kuelezwa habari za ngazi.

Miezi sita ile sitaisahau. Alfajiri tulikuwa wawili na Wakwe wetu. Kila mahali swali lilikuwa moja, kwa nini? Kwa nini saa nne, si tatu na nusu? Kwa nini leo na si jana? Nilijifunza kuusikiliza mkanda wa mota, kunusa grisi iliyoungua, kuhesabu waendeshaji na kuwapangia muda wa kula. Nilijifunza kwamba Gurudumu Kubwa halina saa ya kudumu, lina saa ya upepo, na kwamba kipima upepo cha juu kikisoma zaidi ya kilomita arobaini kwa saa, halipandwi. Siku moja nilichoka nikaandika “Sababu: matengenezo.” Aliifuta kwa kiwiko cha koti. Alisema hiyo si sababu, ni pazia.

Kupanga niliweza. Tatizo langu lilikuwa moyo, na yeye alilijua. Mimi nikiona mtu anabembeleza, nalainika kama siagi juani. Wiki tatu kabla ya mwisho, alinitumia mtego. Mzee mmoja mwenye miwani nyeusi na kofia iliyoshushwa alikuja Nyumba ya Vioo akichechemea, akasema ametoka mbali, mguu unamuuma, basi lake linaondoka, aone vioo mara moja tu afe kwa amani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi, na wasafishaji walikuwa bado wanapiga deki. Nikamfungulia. Alitoka na povu magotini na miwani mkononi. Alikuwa ni mume wake, fundi cherehani, tena hachechemei kabisa. Kwenye daftari lake la mafunzo Mama Bado aliandika neno moja: “Amefungua.” Siku mbili hakunipa hata chai kutoka kwenye chupa yake. Nilijimiminia ya kantini, ile mnayoijua. Siku ya tatu alinimiminia, akaniambia bila hasira kwamba ratiba nzima sasa iko kwenye shingo yangu, na shingo yangu inakubali kila kitu. Nililia njiani kwenda nyumbani, mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Kuna jambo wengi wetu hatukulijua. Mama Bado amepanda mikono ya Gurudumu Kubwa mara nyingi kuliko ndege, spana mkononi, lakini hajawahi kukaa ndani ya kibanda kama abiria. Alimwahidi dada yake mkubwa, tangu mwaka wake wa kwanza kazini, kwamba watapanda wote wawili. Kila mwaka likatokea hili na lile. Safari hii dada alikuja, ana miaka sabini na miwili, amekaa kwenye basi siku mbili, na basi la kurudi lilikuwa saa sita mchana. Meneja alipanga mambo vizuri. Saa mbili na nusu, kabla ya wageni kuingia, wangezungushwa peke yao, kibanda namba moja kikiwa na riboni, sisi tukiimba chini. Wapishi walioka keki. Hata muuguzi wa nyuma ya ukuta alikuja akiwa ametoka zamu.

Alfajiri hiyo nilizunguka bila yeye kwa mara ya kwanza. Nikapima upepo juu ya Gurudumu. Arobaini na sita. Nikawapandisha Wakwe ili nione kwa macho yangu, na kibanda namba moja kilipofika kileleni kikayumba mpaka mkwe wa koti jekundu akamlalia wa koti la kijani. Niliwashusha. Nikaenda langoni na kuandika: “Gurudumu Kubwa, bado. Sababu: upepo wa juu umepita kipimo. Tunapima tena kila nusu saa.” Mwandiko wangu, ambao hata siku njema ni wa kuku, siku hiyo ulikuwa wa kifaranga.

Nitasema ukweli, watu walinichukia. Wapishi walisimama na keki yao. Dereva wa Treni alinivuta pembeni kuniuliza kama nina wazimu. Meneja alikuja, kalamu tatu mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini, “Bwana Haraka, ni mzunguko mmoja tu. Na ni yeye.” Sikujua kama ananibembeleza au ananipima, na mpaka leo hajaniambia. Nilimjibu kwamba angekuwa ni mwingine pia ingekuwa bado, na kwa kuwa ni yeye, ni bado mara mbili.

Nilipima saa tatu, tatu na nusu, nne. Wageni waliingia, bembea zikaanza, Nyoka akaanza kupiga kelele zake. Ndugu wawili walikaa kwenye benchi la foleni, mikoba mapajani, kama wageni wowote. Saa tano, arobaini na tatu. Saa tano na nusu, dada akiwa ameshasimama na kushika begi, nilipima kwa mara ya mwisho mbele ya meneja. Arobaini na moja.

Moja tu. Nawaambieni, sijawahi kuitamani namba kama nilivyoitamani arobaini siku ile. Nilimwona Mama Bado akinitazama, na nilimpenda kama mama aliyenizaa, na nilitaka kumpa kitu hicho kimoja alichokitaka kwa miaka thelathini na moja. Nikatikisa kichwa.

Dada ndiye aliyelipuka. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka Vikombe, “Miaka thelathini na moja umewatumikia, na leo wanakunyima dakika kumi! Huyu kijana wako ana roho ya chuma!”

Mama Bado aliinuka. Aliniuliza, kama mgeni angeuliza, upepo unasomaje. Nikamwambia. Akatazama juu kwenye kile kibanda chenye riboni, kilichokuwa kikicheza peke yake. Kisha akamgeukia dada yake, machozi yakimtiririka, akicheka wakati huo huo.

“Dada,” alisema, “huyo nimemfundisha mimi.”

Meneja alitoa mfukoni karatasi ya saa za kudumu, ile aliyoiandika miezi sita kabla. Aliikunja mara nne na kuitumbukiza kwenye pipa la taka lililo karibu na benchi, kisha akaomba kipande cha keki.

Upepo ulitulia saa nane na dakika kumi. Basi la dada lilikuwa limeshaondoka saa mbili zilizopita. Tulilifungua Gurudumu kwa wageni, na mimi mwenyewe nilimshikia Mama Bado mlango wa kibanda namba moja. Alikataa. Alisema ahadi ilikuwa ya watu wawili. Akaenda ofisini kumalizia kukabidhi, na saa kumi akatoka kwa lango la mbele, mume wake amembebea maua.

Mama, asante kwa bolti, kwa Wakwe na kwa usingizi wa muuguzi. Asante kwa siku ile uliponipa chaki badala ya barua ya kufukuzwa. Idara zote zimeniomba nikufikishie salamu zao, na farasi nao wamekula kwa wakati. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasiochoka kukutembelea, na alfajiri nyingi za kujigeuza upande wa pili na kuendelea kulala. Ishi vizuri, mama yetu. Dada akirudi, njooni wote wawili, kibanda kipo na riboni hatujazitoa. Saa hatuwaahidi.